Kigoda cha Miguu Mitatu: Jinsi Miti Ilivyoingia Katika Katiba ya Kenya

Katiba ya Kenya ina namba ambayo wengi wetu huipita bila kuitazama. Kifungu cha 69 kinaiamuru serikali ifanye bidii hadi miti ifunike angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Bhutan nayo imeandika asilimia 60 ya misitu katika katiba yake, lakini kule ahadi hiyo iliandikwa na watu ambao misitu yao ilikuwa ingali imesimama. Kwetu iliandikwa baada ya msitu kugawanywa na watu kupasuliwa vichwa wakiutetea.

Kabla haijafika kwenye karatasi, namba hiyo ilipitia bustani ya jijini, chumba cha chini cha kanisa, geti la msitu na kambi za wakimbizi wa ndani. Ukiifuata njia hiyo utaona kwamba amani, haki na mazingira viliingia katika sera za Kenya kwa mlango mmoja, nao ni mlango wa ardhi. Utaona pia waliobaki nje ya mlango.

Msitu wa Mfalme, 1902–1963

Reli iliyoanzia Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na injini zake zilikula kuni. Mwaka uliofuata wakoloni walianzisha idara ya misitu. Tembo na chemchemi hawakuwa hoja kubwa siku zile. Reli ilihitaji kuni na walowezi walihitaji mbao. Mwaka huohuo wa 1902 ikatungwa sheria ya ardhi ya Mfalme, nayo ikaongezewa makali mwaka 1915. Ardhi ambayo mtu aliijua kuwa ya babu zake ikahesabiwa kuwa mali ya taji la Uingereza, na yeye akawa mpangaji asiye na mkataba.

Ndani ya misitu iliyowekewa mipaka ukabuniwa mfumo wa shamba. Mkulima asiye na ardhi aliruhusiwa kupanda mahindi na viazi katikati ya miche ya serikali. Alipalilia mazao yake, na kwa palizi hiyohiyo akaitunza miche. Miti ilipokua na kutanda kivuli, alihamishiwa kipande kingine. Ulikuwa mpango mwerevu, na kwa serikali ulikuwa rahisi mno. Ila ulimzoesha mkulima kuuona msitu kama mahali anapofanya kazi bila kuwa na haki.

Kulikuwa na watu ambao hawakuingia msituni kulima, kwa kuwa walikuwamo tangu zamani. Waogiek wa msitu wa Mau, ambao wakati huo waliitwa Wadorobo, waliishi kwa asali na mawindo, mizinga yao wakiitundika juu mitini. Tume ya ardhi iliyoongozwa na Morris Carter ilipotoa ripoti yake mwaka 1934, ilipendekeza watu hao waondolewe msituni na kuchanganywa na makabila ya jirani. Shikilia pendekezo hilo, maana tutakutana nalo tena.

Hali ya hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya iligeuka ngome. Wapiganaji walijiita jeshi la ardhi na uhuru, na mpangilio wa maneno hayo haukuwa wa bahati. Dedan Kimathi alinyongwa mwaka 1957. Miaka sita baadaye bendera ilipandishwa, lakini sheria ya misitu ya mwaka 1942 ikabaki ilivyokuwa, pamoja na kifungu kimoja ambacho wachache walikitilia maanani: waziri angeweza kubadilisha mipaka ya msitu kwa kuchapisha tangazo katika gazeti rasmi la serikali na kusubiri siku 28. Mkoloni aliacha kisu hicho kwenye droo ya ofisi.

Miche saba, 1977

Wangari Maathai alizaliwa mwaka 1940 huko Ihithe, Nyeri. Utotoni alichota maji kwenye kijito kilichotoka karibu na mugumo, mti ambao Wakikuyu hawaukati. Alisomea biolojia Marekani, na mwaka 1971 akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kufika hapo. Aliporudi nyumbani, mugumo ulikuwa umekatwa na kijito kimekauka.

Katika Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya alisikiliza malalamiko ya akina mama wa vijijini. Kuni zimekuwa mbali. Maji machafu. Watoto wanadhoofika, kwa sababu mama asiye na kuni hapiki maharagwe ya kuchemka kwa saa tatu. Anatafuta kinachoiva upesi. Chai na kahawa zilikuwa zimemeza mashamba, na fedha zake hazikumfikia aliyechuma. Jawabu la Wangari lilionekana dogo kiasi cha kuchekesha: tupande miti. Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, miche saba ilipandwa katika bustani ya Kamukunji, Nairobi. Mingi ilikufa. Wazo likabaki hai.

Kilichofuata ndicho kilichokuja kuitwa Green Belt Movement, kwa sababu akina mama walipanda miche kwa mistari mirefu, kama mshipi wa kijani kiunoni mwa kijiji. Mabwana misitu wa serikali walisema kazi hiyo inahitaji cheti. Akina mama wakaotesha mbegu katika vyungu vilivyopasuka na mikebe mikuukuu, wakawa mabwana misitu wasio na diploma. Kila mche ulioshika ulilipiwa senti chache. Naamini malipo hayo, pamoja na udogo wake, ndiyo yaliyoutenga mradi huu na kampeni nyingi za serikali, ambako kiongozi hupanda mche mbele ya kamera na mbuzi akaula kabla ya jua kutua.

Halafu kukawa na sheria. Watu zaidi ya tisa hawakuruhusiwa kukutana bila kibali, masalio mengine ya ukoloni. Kikundi cha akina mama kumi wanaotaka kujadili vitalu vya miche kilipaswa kwenda kwa chifu kwanza. Hapo ndipo mti ulipoanza kuwa siasa, na aliyeufanya hivyo alikuwa chifu, si Wangari.

Tumtendee haki Rais Daniel arap Moi: naye alipenda udongo. Mwaka 1981 aliunda tume ya rais ya kuhifadhi udongo na kupanda miti, na magazeti yalijaa picha zake akibeba mawe ya kujenga gabioni. Lakini mwaka 1986 uliamriwa pia mpango wa Nyayo wa kuzungusha mashamba ya chai pembezoni mwa misitu, eti yawe ukuta wa kuilinda. Ili kujenga ukuta huo, msitu ulikatwa.

Ghorofa sitini, 1989

Mwishoni mwa mwaka 1989 habari zilivuja kwamba katikati ya Uhuru Park litajengwa jengo la ghorofa 60, makao ya chama tawala cha KANU na gazeti lake la Kenya Times, pamoja na sanamu kubwa ya rais. Mshirika wa biashara alikuwa tajiri wa magazeti wa Uingereza, Robert Maxwell, na fedha zingekopwa nje.

Uhuru Park ndipo mtu wa Nairobi asiye na nauli ya kwenda mbali hupumzikia Jumapili. Wangari aliandika barua kwa wenye gazeti, kwa ofisi ya rais, kwa mashirika ya Umoja wa Mataifa na kwa balozi wa Uingereza, akiuliza iwapo Waingereza wangekubali jengo kama hilo katika bustani zao za London. Wabunge waliacha shughuli nyingine za siku kumjadili. Walimcheka kwa kuwa aliachika. Rais naye alisema mwanamke huyo ana wadudu kichwani. Green Belt ikaamriwa kuondoka katika ofisi ya serikali iliyokuwa ikitumia, na shughuli zikahamia nyumbani kwa Wangari.

Lakini barua zilifika mbali. Nchi zilizokuwa zikiikopesha Kenya zilianza kuuliza kwa nini taifa linaloomba msaada linajenga mnara. Mwaka 1990 mradi ulipunguzwa ukubwa, kisha ukafa kimya. Tangu uhuru, mradi wa mkuu wa nchi haukuwa umezoea kukataliwa na mwananchi wa kawaida hadharani. Waliokuwa wakinong'ona walijua sasa kwamba inawezekana.

Mama wa wafungwa, 1992

Desemba 1991 Kifungu cha 2A cha katiba ya wakati huo kilifutwa na vyama vingi vikaruhusiwa. Gerezani bado walikuwamo vijana waliofungwa kwa kudai mambo yaleyale ambayo sasa yalikuwa halali. Tarehe 28 Februari 1992 mama zao, wengi wao wazee wa vijijini, waliketi katika kona moja ya Uhuru Park na kukataa kula hadi wana wao waachiwe. Wangari aliketi nao. Umati ukaanza kuja kila siku, na watu waliowahi kuteswa wakasimama kusimulia waziwazi kwa mara ya kwanza.

Tarehe 3 Machi polisi walikuja na marungu na mabomu ya machozi. Wangari alipigwa hadi akazimia. Baadhi ya mama hao wakavua nguo mbele ya askari. Kwa mtu wa mbali huenda tendo hilo likaonekana la kukata tamaa tu. Aliyelelewa Afrika anajua uzito wake: uchi wa mama, akiuonyesha kwa makusudi kwa kijana wa umri wa mwanawe, ni laana isiyo na tiba. Kesho yake mama hao walihamia kanisa la All Saints, hatua chache kutoka bustanini, wakalala katika chumba cha chini karibu mwaka mzima, hadi karibu wana wao wote walipotoka. Pembe ile ya bustani inaitwa Freedom Corner hadi leo. Ilikuwa bustani ileile iliyookolewa miaka miwili kabla. Kama ghorofa zingejengwa, sijui mama hao wangeketi wapi.

Huku jijini watu wakidai uhuru, Bonde la Ufa lilikuwa likiwaka. Mapigano yaliyoanza shamba la Miteitei, Nandi, Oktoba 1991 yalienea hadi Molo na Burnt Forest. Kufikia mwisho wa 1993 inakadiriwa watu 1,500 waliuawa na 300,000 wakahamishwa. Yaliitwa mapigano ya kikabila, jina lililowafaa wanasiasa waliogawa wapiga kura kwa moto. Chini yake ilikuwapo hasira halisi ya ardhi, iliyolala tangu walowezi. Huko Enoosupukia, Narok, mwaka 1993, maelfu waliofukuzwa waliambiwa kwamba eneo lao ni chanzo cha maji kinachopaswa kuhifadhiwa. Mazingira yalikuwa yameshajifunza kutumika kama rungu.

Wangari na wenzake walizunguka maeneo hayo wakigawa miche na kuwaita majirani waliokuwa wakichomeana nyumba waipande pamoja. Waliiita miti ya amani. Sidhani kwamba mche mmoja uliponya kijiji, lakini mtu anayemwagilia mti uliopandwa na mwenzake ana sababu moja ya kurudi kesho bila panga.

Karura, 1998–1999

Nchi wafadhili zilikuwa zimezuia misaada mwishoni mwa 1991, na siasa za vyama vingi zilihitaji fedha. Kilichobaki cha kugawia marafiki kilikuwa ardhi ya umma, na sheria ya 1942 ilikuwa bado ikiruhusu tangazo la siku 28. Vyoo vya umma, viwanja vya shule na barabara ambazo hazijajengwa vilipata hatimiliki. Misitu ndiyo ilikuwa shamba kubwa zaidi la neema.

Karura ni msitu wa hekta zaidi ya 1,000 ndani ya Nairobi, ukipakana na Gigiri, makao ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira. Mwaka 1998 umma uligundua kwamba sehemu kubwa imegawiwa kampuni za watu binafsi na matingatinga yako kazini. Oktoba waandamanaji waliingia na miche, na mashine za wajenzi zikateketea. Tarehe 8 Januari 1999 Wangari, wabunge wa upinzani na wanaharakati walifika getini wakitaka kupanda mti mmoja tu. Waliwakuta walinzi wa kukodiwa wakiwa na mapanga, marungu na mijeledi. Wangari alipasuliwa kichwa. Katika kituo cha polisi aliandikisha malalamiko, na mahali pa sahihi akaweka alama kwa damu yake.

Safari hii aliyepigwa hakuwa mwanakijiji asiyejulikana, na picha zilizunguka dunia. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kofi Annan, alilaani. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliandamana siku kadhaa. Agosti 1999 Moi alipiga marufuku ugawaji wote wa ardhi ya umma. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya kwanza kuu ya mazingira, iliyozaa mamlaka ya NEMA. Ukitaka kujua marufuku ya rais ina nguvu kiasi gani, tazama mwaka 2001: serikali ilitangaza kuondoa zaidi ya hekta 67,000 kwenye hifadhi za misitu, zaidi ya nusu yake Mau Mashariki. Kisu kilikuwa bado kwenye droo.

Kutoka barabarani hadi kwenye sheria, 2003–2010

KANU ilianguka Desemba 2002. Wangari aliingia Bungeni akiwakilisha Tetu na kufanywa naibu waziri wa mazingira, ndani ya serikali ambayo miaka michache kabla ingemkamata. Tume ya Ndung'u ilichunguza ugawaji wa ardhi na kukadiria hatimiliki haramu kuwa 200,000, nyingi zikitolewa kipindi cha chaguzi. Ripoti ilisomwa sana. Ardhi iliyorudi ilikuwa kidogo.

Oktoba 2004 ikatangazwa kuwa Wangari ndiye mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza Mwafrika. Waliouliza miti ina uhusiano gani na amani aliwajibu kwa kigoda cha miguu mitatu: mguu wa utawala wa haki, wa kutunza rasilimali na wa amani. Ukivunjika mmoja, hakuna anayeketi.

Sheria ya Misitu ya 2005 ndiyo iliyokitoa kisu kwenye droo. Waziri peke yake hakuweza tena kumega msitu, na wanakijiji walipewa nafasi ya kuunda vyama vya kusimamia misitu pamoja na shirika jipya la misitu, KFS. Kwangu hii ndiyo siku kubwa kuliko ya Nobel, ingawa haina sherehe.

Kigoda kilivunjika Desemba 2007. Baada ya uchaguzi uliobishaniwa watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakakimbia, wengi katika sehemu zilezile za 1992. Mazungumzo yaliyozaa mkataba wa tarehe 28 Februari 2008, yaliyosuluhishwa na Kofi Annan, yalikuwa na ajenda ya nne: ardhi, umaskini, ajira, katiba. Wapatanishi walikubali kwamba kusimamisha mapanga bila kugusa ardhi ni kuyanoa kwa uchaguzi ujao. Sera ya Taifa ya Ardhi ikapitishwa mwaka 2009.

Katiba ilizinduliwa tarehe 27 Agosti 2010. Haki ya kijamii na maendeleo endelevu vikawa tunu za taifa katika Kifungu cha 10. Kifungu cha 42 kilimpa kila mtu haki ya mazingira safi, na cha 70 kikamruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi ameumia. Mahakama maalumu ya mazingira na ardhi ikaundwa. Hayo hayakubaki maneno matupu. Mwaka 2019 baraza la mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe huko Lamu, kwa sababu wenyeji hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka 2020 wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliolishwa madini ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri, walipewa fidia ya shilingi bilioni 1.3 na mahakama hiyo, kabla ya kesi kupanda ngazi ndefu za rufaa.

Wangari alifariki tarehe 25 Septemba 2011. Aliagiza asikatiwe mti, hivyo jeneza lake lilitengenezwa kwa magugumaji, mafunjo na mianzi. Serikali ilimuaga rasmi Uhuru Park.

Waliokuwamo tangu zamani

Turudi Mau. Katika miaka ya 1990 vipande vya msitu viligawiwa kwa jina la kuwapa Waogiek makazi, lakini wengi waliopata hatimiliki walikuwa wageni na wakubwa. Ripoti ya mwaka 2009 ilionyesha robo ya msitu imetoweka katika miongo miwili, na mito inayolisha Mara, Nakuru na Ziwa Victoria ikapungua. Serikali ikaamua kuwatoa watu. Oktoba mwaka huo Waogiek nao walipewa siku 30 waondoke. Pendekezo la 1934 lilikuwa limevaa shati jipya la uhifadhi.

Walikwenda Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Tarehe 26 Mei 2017 mahakama ilisema serikali imeshindwa kuthibitisha kwamba Waogiek ndio walioharibu Mau. Uharibifu ulitoka kwa wavamizi wengine, kwa ardhi iliyomegwa na serikali yenyewe na kwa vibali vya kukata mbao. Juni 2022 iliamuru fidia ya shilingi 157,850,000, na ardhi ya mababu irudishwe kwa hati ya pamoja. Katiba ya 2010 yenyewe, Kifungu cha 63, inataja ardhi ya jamii za wawindaji na wakusanyaji kuwa ardhi ya jamii.

Hesabu ya 2021 ilionyesha kwamba miti inafunika asilimia 12.13 ya nchi. Namba ya katiba ilikuwa imepitwa, ingawa mwembe wa uani umo katika hesabu hiyo. Misitu yenyewe ni asilimia 8.83. Serikali ikaweka lengo jipya la miti bilioni 15 kufikia 2032, na Jumatatu, tarehe 13 Novemba 2023, ikatangazwa kuwa sikukuu ili kila Mkenya akapande. Lengo la siku hiyo lilikuwa miche milioni 100.

Tangu mwanzoni mwa mwezi huo askari wa misitu walikuwa Sasimwani, Narok, wakibomoa nyumba za Waogiek. Mvua za El Niño zilikuwa zimeanza. Miche ya Jumatatu ilipata maji ya kutosha, na familia za Sasimwani ziliipokea mvua hiyohiyo bila paa.